Wilhelm Junker na Njia ya Misafara: Mtafiti kutoka Urusi na Usagara ya Mwaka 1886

Utangulizi

Kilosa imeandikwa mara nyingi kama wilaya ya reli, ya mashamba ya mkonge, na ya ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Kabla ya hayo yote ilikuwa pahali pa njia. Mto Mkondoa, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika Mukondokwa, umekata bonde katikati ya milima ya Usagara, na bonde hilo lilikuwa mojawapo ya milango ya kutokea nyanda za pwani kwenda Ugogo, Unyanyembe na Ziwa Tanganyika. Mashariki ya mlango huo umetanda uwanda wa Mkata, ambao sehemu yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Stanley aliuvuka uwanda huo wakati wa masika ya mwaka 1871 na akaukuta umegeuka kinamasi. Mlango mwingine ulipita kaskazini zaidi, katika Ukaguru, kwa njia ya Mamboya. Misafara iliyopita huku na iliyopita kule ilikutana Mpwapwa.

Insha hii inamchunguza mtu mmoja aliyeikata nchi hiyo kutoka bara kwenda pwani mwishoni mwa mwaka 1886, yaani Wilhelm Junker, tabibu, mkusanyaji wa mimea na wanyama, na mtafiti wa tamaduni, aliyezaliwa Moscow. Kwa hoja inayojengwa hapa, kinachojalisha si kijiji gani cha Usagara alichopiga kambi. Kinachojalisha ni kwamba sayansi yake ilitoka salama Afrika kwa kubebwa na taasisi ambayo haikuwa ya Kizungu: msafara wa Waswahili na Wanyamwezi, pamoja na ruhusa za watawala ambao msafara huo ulipita katika nchi zao. Na ilitoka katika majuma yaleyale ambayo ruhusa hizo zilikuwa zikibatilishwa kwa karatasi zilizotiwa alama katika milima ya Usagara miaka miwili nyuma.

Mrusi aliyeandika kwa Kijerumani

Junker alizaliwa tarehe 6 Aprili 1840 katika familia yenye asili ya Kijerumani. Warusi humwita Vasily Vasilyevich Yunker. Kamusi nyingi za Ulaya Magharibi humwita mvumbuzi wa Kijerumani. Alisomea utabibu Dorpat, Göttingen, Berlin na Prague, lakini hakuifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Mali ya familia ilimwezesha kusafiri: kwanza Iceland, kisha Tunis na Misri ya Chini. Ndugu yake wa St Petersburg ndiye aliyegharimia, mwaka 1885, msafara wa kumtafuta alipodhaniwa kuwa amepotea.

Swali la uraia wake si la kupuuzwa na mtafiti. Katika miaka ya 1870 na 1880 Urusi haikuwa na koloni wala dai lolote katika Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa hiyo, tofauti na wengi waliopita njia hizo wakati huo, Junker hakubeba bendera ya kampuni wala mikataba mitupu iliyosubiri alama za machifu. Lakini asiyebeba bendera si lazima awe hana madhara. Vitabu vyake vitatu, Reisen in Afrika, vilichapishwa Vienna kati ya 1889 na 1891, na tafsiri ya Kiingereza ya A. H. Keane ikatoka kati ya 1890 na 1892. Viliandikwa kwa lugha walizozisoma maofisa wa makoloni, na vilitoka wakati maofisa hao walipokuwa wakizihitaji ramani.

Pana mfano wa kupimia jambo hili. Mrusi mwingine wa kizazi hicho, Nikolai Miklouho-Maclay (1846–1888), naye mtafiti wa viumbe na tamaduni, aliishi miongoni mwa watu wa pwani ya kaskazini-mashariki ya New Guinea tangu mwaka 1871. Wajerumani walipoitangaza nchi ile kuwa yao mnamo Novemba 1884, alimpelekea Bismarck simu ya kupinga kwa niaba ya wenyeji. Mwezi uleule wa Novemba 1884, Carl Peters na wenzake walikuwa wakikusanya mikataba huku kwetu. Usagara haikupata Maclay wake. Mtafiti ambaye pengine angelinganishwa naye alikuwa mbali kaskazini wakati huo, amekwama kando ya Naili ya Juu.

Kazi ya miaka kumi na mmoja

Tangu mwaka 1875 hadi 1886 Junker aliishi karibu mfululizo katika nchi zilizo kati ya Naili ya Juu na bonde la Kongo. Safari ya kwanza, iliyoanzia Khartoum, ilimfikisha Lado na nchi ya Makaraka. Alirudi Ulaya mwaka 1878. Safari ya pili, kuanzia 1879, ndiyo iliyompatia jina. Alikwenda na msaidizi wake Friedrich Bohndorff mpaka kwa Ndoruma, mtawala wa Wazande, na huko mwaka 1880 akajenga kituo alichokiita Lacrima. Kutoka hapo alizunguka kwa miaka katika nchi za Wazande na Wamangbetu, mara nyingi akiwa na watu wachache tu.

Namna yake ya kusafiri yafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyozaa thamani ya kazi yake. Stanley alisafiri kwa mwendo wa jeshi, akihesabu siku na maili. Junker alikuwa mpole wa mwendo. Alikaa. Alifika kwa mtawala, akajenga kibanda, akangoja kuzoeleka, kisha akaandika: nyumba zinajengwaje, kesi zinaamuliwaje, mazao gani yanapandwa, visu na ngao hutengenezwaje, nani anamwoa nani. Alikuwa mgeni wa mtawala kwa maana kamili ya neno hilo katika jamii zetu, yaani mtu aliye chini ya dhamana ya mwenyeji, na ambaye akidhurika mwenyeji ndiye anayeaibika. Zemio, mmoja wa watawala wa Kizande, alimlinda na hata kufuatana naye safarini. Wasomaji wa Ulaya wa siku zile waliwajua Wazande kwa jina la dharau la Niam-Niam na kwa hadithi za ulaji wa watu. Junker hakuepukana kabisa na mazoea ya lugha ya zama zake, lakini aliwaandika pia kama watu wenye nasaba za kifalme, sheria na siasa. Miongo mingi baadaye E. E. Evans-Pritchard, alipoandika historia ya tawala za Kizande, alimhitaji Junker kama shahidi wa hali ya mambo kabla ya ukoloni. Vitu alivyokusanya viko hadi leo katika makumbusho ya Kunstkamera, St Petersburg.

Katika jiografia alitatua swali la mto Uele. Georg Schweinfurth, aliyezaliwa Riga na hivyo naye mwana wa dola ya Urusi, aliufikia mto huo mwaka 1870 na akaamini kuwa unatiririka kwenda Shari na Ziwa Chad. Junker aliufuata kuelekea magharibi na kupinga rai hiyo: Uele ni mkono wa juu wa Ubangi, basi ni mali ya Kongo. Kwa Wazande na majirani zao jibu hilo halikuwa la kitabuni tu. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, iliyotambuliwa mwaka 1885, ilidai bonde la Kongo. Mto uliothibitishwa kuwa wa bonde hilo ukaingia katika dai. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 majeshi ya dola hiyo yalikuwa yamekwisha kuingia Uele.

Njia ya kaskazini yafungwa

Uasi wa Mahdi nchini Sudani uliikata njia ya kurudi. Bahr el Ghazal ilianguka mwaka 1884, Khartoum mwezi Januari 1885. Junker alijihifadhi Lado kwa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer. Ulaya ikatuma watu wa kumtafuta. Gustav Fischer, kwa fedha za ndugu yake Junker, aliondoka Pangani mwaka 1885, akafika kusini ya Ziwa Viktoria, lakini hakuruhusiwa kuingia Buganda. Alirudi pwani bila kumwona na akafariki Berlin mwezi Novemba 1886. Oscar Lenz alijaribu kwa upande wa Kongo, akapita kwa msaada wa Tippu Tip, akatokea Bahari ya Hindi mikono mitupu.

Kwa hiyo waliokwenda kumwokoa hawakumwokoa. Tarehe 2 Januari 1886 Junker aliondoka Wadelai na kuelekea kusini.

Hapa ndipo simulizi nyingi za maisha yake huharakisha, kana kwamba mwaka huo ulikuwa kiambatisho tu cha miaka kumi ya utafiti. Kwa mwanahistoria wa Afrika Mashariki mambo ni kinyume. Junker alivuka mpaka ambao hauonekani katika ramani: kutoka eneo la biashara ya Khartoum, ambamo Kiarabu cha Sudani kilimtosha, kwenda eneo la biashara ya Unguja, ambamo lugha ya njia ilikuwa Kiswahili. Mitandao hiyo miwili ilikutana Bunyoro na Buganda. Kabalega wa Bunyoro alikuwa na kila sababu ya kuwachukia wageni watokao kaskazini. Mwaka 1872 Samuel Baker alijaribu kuinyakua nchi yake kwa jina la Misri na wakapigana. Hata hivyo Junker alipita. Vita kati ya Bunyoro na Buganda vilimchelewesha kwa miezi, kisha akafika kwa Kabaka Mwanga katika mwaka mbaya kuliko yote: Askofu Hannington alikuwa ameuawa Busoga Oktoba 1885, na mwezi Juni 1886 vijana Wakristo wa ikulu walichomwa moto Namugongo. Mwanga aliogopa kwamba Wazungu wanakuja kuila nchi. Historia haikumwonyesha kuwa alikosea katika hofu hiyo, iwe vipi hukumu yetu juu ya matendo yake. Alimruhusu Junker aondoke kwa njia ya ziwa kwenda Usukuma, na toka huko akafika Tabora.

Kutoka Tabora kwenda pwani

Tabora alimkuta Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, akiteremka pwani na pembe zake, akaungana na msafara huo.

Msafara wa namna hiyo ulikuwa mji unaotembea. Mbele alikwenda kirangozi na bendera na ngoma. Nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenye heshima ya kazi yao, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili. Kisha wanyapara, askari wenye bunduki, wanawake, watoto, na watu waliotekwa katika nchi za Manyema ambao hawakuchagua safari hiyo. Jambo la mwisho halifai kufichwa chini ya sifa za ufundi wa misafara. Pembe zilizompa Junker ulinzi wa kutembea nazo zilipatikana kwa sehemu kubwa kwa vita na utumwa, na mtafiti aliyekuwa mgeni mwungwana wa Ndoruma alirudi nyumbani kama abiria wa biashara hiyo.

Lakini ilikuwa taasisi, na taasisi yenye kanuni. Mtaji ulitoka Unguja, kwa matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, kwa mkopo uliolipwa kwa pembe. Posho ilihesabiwa kwa vitambaa. Ugogo ilidai hongo kwa maji na kwa njia, na kiwango chake kilijadiliwa kwa siku nyingi mpaka pande zote mbili ziridhike au zichoke. Katika milima ya Usagara na Ukaguru misafara ilinunua chakula baada ya nyika kavu ya magharibi, na vijiji vya kando ya njia vilijua bei. Ulinzi, chakula, lugha, njia na mkopo: vyote vilikuwapo kabla ya Mzungu yeyote kuvihitaji. Wasafiri wa Ulaya walizoea kuandika vitu hivyo kama vikwazo, hasa hongo, ambayo katika vitabu vyao huonekana kama unyang'anyi. Ukiusoma utaratibu huo kutoka upande wa mwenye nchi, hongo ni kukiri kwamba nchi ina mwenyewe.

Tippu Tip mwenyewe aliacha kumbukumbu za maisha yake kwa Kiswahili, zilizotolewa na Heinrich Brode mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 na baadaye kutafsiriwa na W. H. Whiteley kwa Kiingereza. Hivyo njia ya Junker ina shahidi wa pili, asiyehitaji mkalimani. Anayeandika tasnifu juu ya wavumbuzi wa Afrika Mashariki bila kuziweka kumbukumbu hizo kando ya vitabu vya Vienna na London anakisikiliza kikao kwa sikio moja.

Usagara baada ya mikataba

Nchi aliyoikata Junker kati ya Mpwapwa na pwani haikuwa tena, katika vitabu vya Berlin, nchi ya wenyewe. Peters na wenzake walikuwa wamepita huko Novemba na Desemba 1884, wakapata alama za watawala wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami katika karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani, ambazo zilidai kuhamisha ardhi na haki zote za utawala. Mmoja wa waliotajwa katika karatasi hizo ni Mwinyi Sagara, katika bonde la Mkondoa. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani aliipa jumuiya ya Peters hati ya ulinzi. Sultani Barghash alipinga kwa nguvu. Mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, akanyamaza.

Wajerumani hawakuwa Wazungu wa kwanza kukaa hapo. Miaka michache kabla, kamati ya Kifaransa ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ilikuwa na kituo Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa, chini ya Kapteni Bloyet. (Kondoa hiyo isichanganywe na Kondoa Irangi, kosa linalojirudia katika maandishi.) Kituo kile kilitangazwa kuwa cha sayansi na cha kuwahudumia wasafiri. Tofauti kati ya kituo cha Bloyet na karatasi za Peters ni ya miaka mitatu au minne tu, na ndani ya miaka hiyo neno lililobadilika ni moja: aliyekaa kwa ruhusa alifuatwa na aliyedai kumiliki.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani yalikamilishwa kwa kubadilishana barua mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Barabara yote ya bara, na Usagara ndani yake, ikahesabiwa kuwa eneo la Ujerumani kusini ya mstari uliochorwa kutoka Umba kwenda Ziwa Viktoria. Barghash alikubali tarehe 7 Desemba. Junker aliwasili Unguja mwezi huohuo wa Desemba. Aliingia katika msafara wa mtu wa Sultani akiwa katika nchi ambayo Sultani alidai kuwa yake. Alipofika mwisho wa safari, mwenye dai alikuwa amelitia sahihi lisiwepo.

Thamani ya habari alizobeba ilionekana mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 1887 alikutana na Stanley mjini Cairo, pamoja na Schweinfurth, na kumweleza hali ya Emin na njia za kumfikia. Mwezi Februari Stanley alikuwa Unguja akifunga mkataba na Tippu Tip. Msafara uliotokana na mazungumzo hayo ulimtoa Emin Equatoria kwa gharama ya mamia ya maisha ya Waafrika, wengi wao Wangwana wa Unguja, na ukafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Siku hizo njia ilikuwa tayari ya kijeshi, kwa kuwa Abushiri na wenzake walikuwa wameinuka pwani mwaka 1888 na vita vilifika mpaka Mpwapwa. Junker alifariki St Petersburg tarehe 13 Februari 1892.

Wazande walipata kwa Junker picha yao kabla ya kutawaliwa, yenye kasoro zake, iliyoandikwa na mtu aliyekaa kwa hisani yao. Watu wa Kilosa walipitwa haraka. Stanley, Junker na wengine waliiona Usagara wakiwa njiani, miguu ikiuma, macho yakitazama ama Tanganyika ama bahari. Wakaguru wa wilaya hiyo walingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo T. O. Beidelman alipokaa nao kwa utafiti wa muda mrefu, na kitabu chake juu ya ukoo wa upande wa mama kikatoka mwaka 1971. Alipofika, Wajerumani walikuwa wamekwisha kutawala na kuondoka, machifu wa wakati wake walikuwa ndani ya mfumo wa utawala wa Kiingereza, na reli, iliyoingia Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ilikuwa imelishika bonde la Mkondoa na kuwaachisha kazi wapagazi wote.